Eneokazi Moja, Viwambo Viwili: Uhakiki wa Istilahi za Kompyuta Yenye Viwambo Zaidi ya Kimoja

1. Utangulizi

Si jambo geni siku hizi kukuta ofisini meza moja yenye kompyuta moja na viwambo viwili. Mhasibu huweka daftari la hesabu upande mmoja na hati za malipo upande wa pili. Mwalimu huunganisha kompyuta yake na projekta ili wanafunzi waone mchoro ukutani huku yeye akisoma maelezo yake mezani. Mfasiri naye huweka matini ya asili kushoto na tafsiri yake kulia, akaepukana na taabu ya kufunua na kufunika hati moja baada ya nyingine. Haja hiyo imezidi nchini Tanzania tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa kuwa sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi hazina budi kufasiriwa kifungu kwa kifungu, na kifungu hakifasiriki vizuri bila ya kutazamwa pamoja na mwenziwe.

Chombo, basi, kimekwisha kuingia. Lugha ya kukisemea ndiyo ambayo haijatulia. Makala haya yana nia ya kuhakiki maneno yanayotumika kueleza matumizi ya viwambo viwili, yaani yale yanayosikika maofisini na madarasani, na yale yanayokutwa katika miongozo na katika orodha za amri za kompyuta zenyewe. Hoja yetu ni kwamba mengi ya maneno hayo yameundwa kwa kulitazama neno la Kiingereza badala ya kukitazama kitendo kinachofanyika, na kwamba kosa hilo si la urembo wa lugha tu, bali humpotosha mtumiaji akabonyeza asichokikusudia.

Hatukusudii kumlaumu mfasiri yeyote. Inafahamika kwamba amri za kompyuta hufasiriwa aghalabu katika orodha ndefu ya maneno yaliyokatwa kutoka mahali pake, kila neno katika mstari wake, bila picha wala sentensi. Mfasiri huletewa kitenzi kisicho na mtenda wala mtendwa, akatakiwa kukipatia kisawe. Katika hali hiyo hata mfasiri hodari huponyokwa na maana. Lakini sisi tunaosanifu istilahi hatuna udhuru huo, maana tunaweza kukaa mbele ya mashine na kuitazama.

2. Kitendo chenyewe

Kabla ya kuyapima maneno yafaa tueleze jambo lenyewe. Kuna vitu vitatu ambavyo mazungumzo ya kawaida huvichanganya. Cha kwanza ni chombo: sanduku au bapa lenye umeme, linalonunuliwa dukani na kuorodheshwa katika daftari la mali ya ofisi. Cha pili ni uso wa chombo hicho, pale picha inapoonekana. Cha tatu si kitu cha kushikika. Ni ule uwanja ambao kompyuta humpa mtumiaji ili atandaze madirisha, majalada na alama zake.

Uwanja huo una historia. Wataalamu wa kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, walitengeneza mwaka 1973 kompyuta iliyoitwa Alto, na mwaka 1981 kampuni hiyo ikauza mashine iitwayo Star, ambayo uso wake ulifananishwa na meza ya karani: juu yake palikuwa na picha za karatasi, majalada na vikapu vya barua. Apple wakaifuata njia hiyo kwa mashine ya Lisa mwaka 1983 na ya Macintosh mwaka 1984. Mwaka 1987 mashine ya Macintosh II iliweza kuendesha viwambo zaidi ya kimoja vikiwa uwanja mmoja. Kwa upande wa Windows, uwezo huo ulikuja na toleo la mwaka 1998.

Basi mtumiaji anapounganisha kiwambo cha pili, kompyuta humpa njia mbili kuu. Katika njia ya kwanza viwambo vyote viwili huonyesha kitu kile kile, na likisogezwa dirisha kwenye kimoja, husogea kwenye kingine. Katika njia ya pili uwanja mmoja hupita juu ya viwambo vyote viwili: kielekezi kikifika ukingo wa kiwambo cha kwanza hakigomi, bali huvuka kikatokea kwenye cha pili, na dirisha laweza kuburutwa kutoka hapa hadi pale, hata likakaa nusu huku na nusu kule. Ikiwa kila kiwambo kina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na vimewekwa ubavu kwa ubavu, kompyuta huhesabu uwanja mmoja wa nukta 3840 kwa 1080. Hati haijawa kubwa wala herufi hazijanenepa. Mahali pa kuziweka ndipo palipoongezeka.

Njia hii ya pili ndiyo inayotutaabisha, na tutaifikia baada ya kuyapima majina ya vitu.

3. Monita, skrini, kioo na kiwambo

Neno monita lina asili katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuonya, nalo limetufikia kupitia Kiingereza. Ubaya wake katika Kiswahili ni kwamba nafasi yake imekwisha kukaliwa. Kwa mwalimu na mwanafunzi, monita ni kiongozi wa darasa, na huchukua upatanisho wa viumbe: monita wawili wamechaguliwa. Chombo cha kompyuta kingetaka upatanisho mwingine: monita mbili zimenunuliwa. Mtu anaweza kudai kuwa upatanisho huo unatosha kutenganisha maana. Katika sentensi kamili hutosha. Lakini katika orodha ya mali, ambamo maneno husimama peke yake, na katika maandishi ya shule, ambamo maana zote mbili hukutana, tofauti hiyo hupotea.

Skrini ni neno jepesi, linaeleweka, na hatuna ugomvi nalo katika mazungumzo. Kioo nalo limeenea sana kwa mafundi wa simu: kioo kimevunjika, kioo kimebadilishwa. Hata hivyo neno hilo hutaja bilauri ya juu mara nyingine, na mara nyingine chombo chote kinachotoa picha, na wateja wengi wamegombana na mafundi kwa sababu bei ya kimoja si bei ya kingine. Zaidi ya hayo, kioo ni kile cha kujitazamia, na tutaona baadaye kwamba taswira hiyo inahitajika mahali pengine.

Kiwambo kina sifa mbili ambazo wenzake hawana. Kwanza, kinatokana na kitenzi cha Kiswahili kilicho hai, wamba, ambacho ni kukaza kitu juu ya fremu: huwambwa ngoma kwa ngozi, na kitanda kwa kamba. Uso uliokazwa ndani ya fremu ndio hasa tunaoutazama. Pili, ngeli yake ni ya vitu na wingi wake hauna shaka: kiwambo kimoja, viwambo viwili. Ni kweli kwamba waandishi wa habari wameliazima neno hili kwa kifaa cha kupunguza mlio wa bastola, lakini hapo huandamana na neno sauti, na hakuna atakayewadhania wahasibu kuwa na bastola mezani. Tunaunga mkono kiwambo kwa maana ya uso na chombo kwa pamoja, na skrini iachwe katika mazungumzo kama kisawe.

4. Deskitopu, meza na eneokazi

Hapa pana mtego wa fedha, na watumishi wa idara za ugavi wanaombwa kuutazama vizuri. Deskitopu katika Kiswahili cha ofisini si uwanja tulioueleza hapo juu. Ni aina ya kompyuta, ile ya mezani, inayotofautishwa na ya mpakato. Kwa hiyo afisa akiandika kwamba idara yake inahitaji deskitopu pana, au deskitopu mbili kwa kila mfasiri, mnunuzi ataelewa kompyuta mbili kamili, kila moja na kibodi yake na kipanya chake, wakati kilichohitajika ni kiwambo kimoja cha nyongeza na kebo. Hali huzidi kutatanika kwa kuwa wengi huita sanduku la mashine sipiyu, na kiwambo chenyewe wakakiita kompyuta. Mtu akisema kompyuta mbili, huenda anahesabu viwambo.

Je, tungeweza kusema meza? Taswira ya asili ilikuwa meza ya karani, na karani wa Kiswahili anayo meza, anayo majalada, na anayo masijala ya kuyahifadhi. Uso wa meza lingekuwa jina zuri kama lingetangulia. Lakini halikutangulia. Kazi ya kuiswahilisha kompyuta ilipopamba moto, hasa tangu mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice, na baadaye kampuni kubwa zilipofuata kwa matoleo yao, wafasiri walijaribu maneno mbalimbali, na lililoenea kwa maana hii ni eneokazi. Si desturi njema kuling'oa neno lililokwisha kushika mizizi kwa sababu tu tumepata taswira nzuri zaidi.

Tunaloomba ni kwamba liandikwe neno moja. Wapo wanaoandika eneo kazi kwa kutenga, na wapo wanaolirefusha likawa eneo la kazi. Maandishi haya ya mwisho yana madhara, kwa sababu eneo la kazi ni mahali mtumishi anapofanyia kazi: shamba, kiwanda, ofisi, kituo chake. Mkuu wa idara akipokea barua isemayo kwamba watumishi wameelekezwa namna ya kupanua eneo la kazi, ataanza kutafuta kifungu cha ujenzi katika bajeti. Eneokazi likiwa neno moja, lenye wingi wa maeneokazi, hulindwa na fasiri hiyo.

Tena umoja na wingi una kazi hapa. Ziko programu zinazomwezesha mtu kuwa na maeneokazi kadhaa kwenye kiwambo kimoja, akahama kutoka moja hadi jingine kama mtu anayetoka chumba hadi chumba. Mifumo ya Linux imekuwa na uwezo huo kwa miaka mingi, na Windows iliuingiza katika toleo lake la 10 mwaka 2015. Hilo ni kinyume cha jambo tunalolijadili. Pale ni kiwambo kimoja na maeneokazi mengi, hapa ni viwambo viwili na eneokazi moja. Istilahi isiyoweza kuzitenganisha hali hizi mbili haifai, hata ikiwa tamu masikioni.

5. Kupanua na wenzake

Sasa tufike kwenye kitenzi. Kitenzi cha Kiingereza kinachotumika katika amri hii hubeba maana nyingi: kunyoosha mkono, kurefusha muda, kusogeza mpaka, kueneza msaada. Kila mfasiri ameshika maana iliyomkaribia, na matokeo yake ni maneno manne yanayoshindana.

La kwanza na lililoenea zaidi ni kupanua. Kitu kinachopanuliwa huongezeka upana wake: barabara hupanuliwa, shule hupanuliwa, na picha hupanuliwa ili ionekane vizuri. Maana hii ya mwisho ndiyo inayompotosha mtumiaji. Tuchukulie afisa utumishi anayewasilisha taarifa mbele ya watumishi wenziwe. Ameunganisha kompyuta na projekta, na waliokaa nyuma wanalalamika kwamba herufi ni ndogo. Anafungua orodha, anakuta panua, na kwa haki kabisa anaelewa kwamba akiichagua picha itakuwa kubwa. Anaichagua. Mara taarifa yake inatoweka ukutani ikabaki picha tupu ya nyuma, kwa kuwa ukuta sasa ni upande wa pili wa eneokazi, ambako hajaweka kitu. Anadhani projekta imeharibika. Anarudi kwenye orodha, anachagua njia ya pili, na kila kilichopo mezani pake kinaonekana ukutani, pamoja na jalada la nidhamu la mtumishi aliyekaa safu ya tatu.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hatua zake zote ndivyo mashine inavyofanya. Kitenzi kimoja kisichofaa kimetosha kuifanya siri ya mtu iwe hadharani, na hapakuwa na uzembe wa mtumiaji.

La pili ni kurefusha. Hili huleta dhana ya urefu peke yake, kana kwamba kiwambo cha pili lazima kiwe mwisho wa cha kwanza. Viwambo vyaweza kupangwa ubavu kwa ubavu, au kimoja juu ya kingine, au kimoja kikasimama wima na kingine kikalala. Tena kurefusha kumezoeleka kwa muda, kama vile kurefusha mkataba, na kompyuta nayo ina amri zinazohusu muda, kama ule ambao kiwambo hukaa kabla ya kuzimika.

La tatu ni kuongeza. Neno hili ni la kweli lakini halina mipaka. Kuongeza nini? Mwanga huongezwa, sauti huongezwa, na kiwambo chenyewe huongezwa, yaani hutambuliwa na kompyuta, kabla hatujaamua kitumiwe vipi. Tukilitumia kwa hatua ya pili tutakosa neno la hatua ya kwanza.

La nne ni kutanua. Wanaolipendekeza husema kwamba lina nguvu kuliko kupanua, nao hawakukosea. Lakini mitaani kutanua ni kujionyesha kwa starehe na matumizi, na madereva wa Dar es Salaam wanalijua kwa maana nyingine tena, ya kuacha foleni na kupita pembeni ya barabara, jambo ambalo huwakutanisha na askari wa usalama barabarani. Istilahi ya serikali haiwezi kubeba mizigo hiyo.

6. Nakala, urudufu na akisi

Njia ya pili, ile ya viwambo vyote kuonyesha kitu kimoja, nayo ina matatizo yake. Maneno yanayotumika ni nakili na rudufu. Watumishi wa zamani watakumbuka mashine ya kurudufu: karatasi ya stensili ilichapwa kwa taipureta, ikafungwa kwenye mashine, na nakala mia zikatoka. Nakala hizo zilikuwa vitu kamili. Ukiichoma stensili, nakala zilibaki. Ukisahihisha kosa kwenye stensili, nakala zilizokwisha kutoka zilibaki na kosa lake.

Hivyo sivyo ilivyo kwa viwambo viwili. Hakuna nakala iliyotengenezwa. Ukifuta neno huku, limefutika kule papo hapo, na ukiuchomoa waya, kule hakubaki chochote. Anayesoma nakili anaweza kuogopa kwamba mafaili yake yamenakiliwa ndani ya projekta, au kinyume chake, akadhani amejiwekea nakala ya akiba. Hofu na matumaini yote mawili ni ya bure, na yote mawili yametokana na neno. Isitoshe, nakala rudufu ni istilahi inayotumika tayari kwa hati zilizohifadhiwa mahali pengine kwa usalama.

Kipo kitenzi kinachofaa, nacho walimu wa sayansi wanakijua: kuakisi. Kioo huakisi mwanga, na maji tulivu huakisi mti ulio ukingoni. Sura iliyomo kiooni haina maisha yake yenyewe. Mwenye sura akiondoka, nayo imeondoka. Mfumo wa Apple nao hutumia taswira ya kioo kwa jambo hili, wakati Windows hutumia ya kunakili. Maana yake ni kwamba Kiingereza chenyewe hakikuwa na neno moja, na mfasiri wa Kiswahili alikuwa huru kuchagua taswira inayosema kweli.

Kwa kuwa tumo katika orodha hizo hizo za amri, hatuwezi kupita bila ya kutaja azimio. Katika tafsiri zinazofanywa na mashine tumekutana na azimio la skrini, likikusudiwa kumaanisha idadi ya nukta zinazounda picha. Neno la Kiingereza lina maana zote mbili, ya uamuzi wa mkutano na ya ubainifu wa picha. Kiswahili hakina. Azimio ni jambo lililoafikiwa na watu, kama Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kiwambo hakina halmashauri ya kuketi na kuazimia. Yafaa kusema ubainifu wa picha, au idadi ya nukta pale hesabu inapotajwa. Kosa hili ni ndugu wa kupanua na kunakili: katika yote matatu limefasiriwa neno, kitu kikaachwa.

7. Pendekezo la kutandaza

Kwa njia ya eneokazi moja kupita juu ya viwambo viwili tunapendekeza kitenzi kutandaza, na hali inayotokana nacho kuwa kutandaa: tandaza eneokazi, eneokazi lililotandaa.

Sababu ya kwanza ni maana. Mkeka ukitandazwa ukapita juu ya kizingiti, nusu chumba hiki na nusu chumba kile, hubaki mkeka mmoja. Mtu aliyekaa juu yake aweza kujisogeza kutoka upande mmoja hadi wa pili asitoke mkekani. Hivyo ndivyo kielekezi kinavyovuka ukingo wa kiwambo. Kadhalika mkulima wa Pemba anapotandaza karafuu juu ya jamvi, hakuna karafuu iliyokua. Zimepata nafasi tu ya kukaa bila kurundikana. Hakuna atakayesikia tandaza akadhani herufi zitakuwa kubwa.

Sababu ya pili ni sarufi. Yumkini mtu atauliza: eneo hutandazwa? Je, maeneo hayapanuliwi tu? Jibu ni kwamba Kiswahili husema mbuga imetandaa hadi mtoni, na mji umetandaa pande zote. Kutandaa ni sifa ya maeneo tangu zamani, na kutandaza ni kukifanya kitu kitandae. Tunacho basi kitenzi cha amri na kitenzi cha hali kutoka mzizi mmoja, jambo ambalo kupanua hakukutupa bila kurudi kwenye maana ya ukubwa.

Sababu ya tatu ni kwamba mzizi huu umekwisha kuonyesha uzazi wake katika istilahi. Umetupatia mtandao, utando na utandawazi. Hapa panaweza kutokea pingamizi la pili: je, mtumiaji hatadhani kwamba viwambo vinaunganishwa kwa mtandao? Hatuoni hatari hiyo. Watu wanaoishi na utando wa buibui, mtandao wa simu na utandawazi wa biashara hawajawahi kuvichanganya, kwa sababu umbo la kila neno limeshikilia maana yake.

Pingamizi la tatu ni la mazoea: panua limekwisha kuonekana kwenye mashine nyingi, na sisi wenyewe tumesema katika sehemu ya nne kwamba neno lililoshika mizizi lising'olewe. Tofauti ni hii. Eneokazi halimpotoshi mtu. Likiandikwa vizuri hutaja kitu kimoja na hutofautishwa na vingine. Panua hupotosha kila siku. Mazoea hulinda neno lisilo zuri sana. Hayawezi kulilinda neno linaloongoza pasipo.

Tunao mfano wa kututia moyo. Kompyuta ndogo ya kubebeka ilipofika, lilikuwapo neno la Kiingereza lililotaja mapaja. Tanzania ikasema kompyuta ya mpakato, na Kenya ikasema kipakatalishi. Maneno hayo mawili hayalingani kwa umbo, lakini yote yalitoka katika kitenzi pakata, anavyofanya mama na mtoto wake, na yote yalieleweka. Waundaji wake walitazama chombo kinavyokaa juu ya mtu, kisha wakauliza Kiswahili kinakiitaje kitendo hicho. Kutandaza kumetafutwa kwa njia hiyo hiyo.

8. Hitimisho

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo yatumike katika miongozo, barua za ugavi na vitabu vya kufundishia, hadi yatakapojadiliwa na kuafikiwa:

Kiwambo: chombo cha kuonyeshea picha, pamoja na uso wake. Wingi wake ni viwambo.

Kiwambo kikuu: kile ambacho kompyuta hukitumia kwanza kwa upau wa kazi na kwa kuingilia. Ukuu huu ni wa kazi, si wa ukubwa, na kiwambo kidogo chaweza kuwa kikuu. Kingine kiitwe kiwambo cha pili, cha tatu, na kuendelea.

Eneokazi: uwanja wa madirisha na alama. Neno moja, wingi wake maeneokazi. Deskitopu lisitumike kwa maana hii.

Kutandaza eneokazi: kulipitisha eneokazi moja juu ya viwambo viwili au zaidi. Hali yake ni eneokazi lililotandaa.

Kuakisi kiwambo: kuonyesha kitu kile kile kwenye viwambo vyote kwa wakati mmoja.

Ubainifu wa picha: wingi wa nukta zinazounda picha kwenye kiwambo.

Orodha ya kuchagua namna ya kutumia kiwambo cha pili, ambayo katika Windows imekuwa ikifunguliwa tangu mwaka 2009 kwa kubonyeza alama ya Windows pamoja na herufi P, ingesomeka hivi: kiwambo cha kompyuta tu, akisi, tandaza, kiwambo cha pili tu. Wafasiri, walimu na watumishi wanaombwa kuyajaribu maneno hayo manne mbele ya mashine, mbele ya mtu ambaye hajapata kuitumia, na kumwuliza anatarajia nini kitokee kabla hajabonyeza. Jibu lake likilingana na kitakachotokea, neno limefaulu. Lisipolingana, tuandikiwe, tena pamoja na neno ambalo mtu huyo mwenyewe angelitumia.